Nilivyomgharimu mdogo wangu mikwaju minne kwenye mashindano ya taifa ya gofu ya wanawake

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa shikamooni.

Humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika naandika mara chache. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Ila hiki ninachosimulia nimekifanya mwenyewe, kwa mikono hii, na sitajipendelea hata pale ninapoonekana mjinga.

Kazi yangu ni caddie hapa Morogoro mjini. Kwa asiyejua: mchezaji wa gofu ana begi la fimbo za aina tofauti. Caddie ndiye anayelibeba, anafuta mipira, anasoma upepo, anashauri ipigwe fimbo gani. Wenzangu wananiita Padri kwa sababu siongei sana.

Mdogo wangu wa kike anaitwa Fausta. Yeye ni mchezaji, na uzi huu ni wake.

Sisi ni watoto wa Mgeta, kule juu milimani. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayewajibika nao. Mama alipoona maisha yamembana alituleta mjini kwa kaka yake, tukiwa bado wadogo. Mjomba alikuwa mkata nyasi wa uwanja wa gofu.

Siku moja mzungu mmoja alikasirika akaivunja fimbo yake ya chuma, akaitupa. Mjomba aliiokota, akaikata ikawa fupi, mshikio akauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ndiyo tuliyojifunzia sote wawili. Mimi nilikuwa napiga majani. Fausta alikuwa anapiga mpira.

Leo Fausta anauza karoti na kabichi sokoni. Saa kumi na mbili asubuhi yuko uwanjani, saa tatu yuko kwenye meza yake. Miaka mingi hivyo. Nimewabebea begi mameneja, madaktari na wanajeshi, sijaona mtu anayefanya mazoezi kama yeye. Anaweza kupiga mpira ule ule kutoka sehemu ile ile mpaka mbwa wa walinzi wachoke kuangalia.

Mwaka huu mashindano ya taifa ya wanawake wa ridhaa, yaani wasiolipwa, yakaja hapa hapa kwetu. Siku tatu. Tukaambiwa watatu wa kwanza wataitwa timu ya taifa.

Fausta alikuwa hajawahi kutaka kitu kwa sauti. Hicho alikitaka kwa sauti. Alisema, "Kaka, mimi nataka nivae jezi ya nchi hata mara moja. Nikishavaa nitarudi kuuza kabichi zangu, sina shida."

Tatizo, mjomba alikuwa ametutoka wakati wa masika. Presha. Alianguka asubuhi, jioni hatunaye. Mashindano yalikuja matanga yakiwa yameisha majuzi tu.

Siku ya kumaliza matanga vitu vya marehemu viligawiwa. Mimi nikapewa ile fimbo fupi. Bibi yetu, mama yake mjomba, akaniambia, "Kitu cha mjomba wako kisikae ndani kama yatima. Kitembee."

Wakuu, mimi sikulia msibani. Nilichimba kaburi, nikabeba viti, nikasimamia maji. Watu wakasema Padri ni mwanaume. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijajua pa kuanzia. Nikawa natembea na ile fimbo tu, nimeifunga kipande cha khanga. Kazini nayo, nyumbani nayo.

Siku mbili za kwanza za mashindano niliiegemeza kwenye banda letu la caddie. Fausta akacheza vizuri mno. Wale wanaotoka Dar na Arusha wanachezea viwanja vizuri kuliko chetu, ila hapa kwetu kuna jambo moja. Ukiwa kwenye green, pale penye shimo, jicho linakuambia mpira utakwenda kushoto, wenyewe unakwenda kulia, kwa sababu ardhi yote inaukimbia mlima. Mgeni haamini. Fausta amekulia humo.

Siku ya tatu tukaamka yuko nafasi ya pili.

Asubuhi hiyo wingu lilikuwa limeshuka Uluguru mpaka nusu. Banda letu linavuja. Nikahesabu fimbo za Fausta kwenye begi, kumi na nne. Sheria inasema mwisho kumi na nne, ukibeba zaidi unaadhibiwa. Naijua sheria hiyo kuliko namba yangu ya simu.

Kisha nikaichukua fimbo ya mjomba na khanga yake, nikaichomeka katikati ya zile nyingine.

Nikajiambia ni kwa sababu ya mvua. Nikajiambia iliyofungwa khanga si fimbo ya kucheza, ni kumbukumbu tu. Kwanza ni fupi, nani ataihesabu?

Hiyo si kweli yote. Nilitaka na yeye awepo.

Fausta sikumwambia.

Kundi letu lilikuwa na mama mmoja wa Dar, mtu wa ofisi, umri kama miaka hamsini, nitamwita Mama Irene. Katika gofu mwenye mikwaju michache, yaani mipigo, ndiye anayeshinda, na mwenzako ndiye anayekuandikia yako kwenye kadi, na wewe unamwandikia yake. Huyo mama ndiye aliyekuwa na kadi ya Fausta. Caddie wake alikuwa Chidi, mwenzetu wa bandani, mtu wa maneno.

Mashimo kwa siku ni kumi na manane. Matatu ya kwanza yakaenda salama. Shimo la nne mpira wa Mama Irene ukaingia kwenye magugu upande wa pili, akaenda kuutafuta na Chidi. Tukabaki wawili. Fausta akataka fimbo, mimi nilikuwa nafuta mpira, akaingiza mkono mwenyewe.

Mkono ukatoka na khanga.

Aliiangalia. Akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu.

"Kaka. Hii imo humu tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Tangu shimo la kwanza?"

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alianza kuhesabu, akigusa vichwa vya fimbo kimoja kimoja kama anahesabu mafungu ya mchicha. Alipofika kumi na tano alirudia tena.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnijue vizuri. Nilimwambia hivi: "Lete niifiche kwenye magugu. Jioni nitaifuata. Hakuna aliyeona."

Fimbo ya mjomba, wakuu. Niliyosema nimeibeba kwa heshima. Nilikuwa tayari kuitupa majanini kama chupa.

Fausta akasema, "Wewe umeona. Mimi nimeona. Unataka tufike wangapi ndiyo iwe imeonekana?"

Akaigeuza ile fimbo, kichwa chini mshikio juu, akaichomeka hivyo kwenye begi. Hiyo ndiyo alama ya kwamba fimbo haitumiki. Halafu akapaza sauti, "Mama! Samahani mama, naomba uje. Nina fimbo kumi na tano."

Mama Irene akaja anahema, magugu yameshika soksi zote. Akaelezwa. Akaitazama ile fimbo iliyofungwa mpira wa baiskeli, akanitazama mimi, nadhani akaelewa zaidi ya alichoambiwa.

Akashusha sauti. "Mwanangu, hiki ni kifimbo cha mtoto. Huwezi hata kuchezea. Mimi miwani yangu yenyewe mibovu, sijaona kitu. Tuendelee."

"Nashukuru mama. Lakini naomba aitwe mwamuzi."

"Unajua ni mikwaju mingapi?"

"Najua. Minne."

"Na unajua uko nafasi ya ngapi?"

"Najua mama."

Mama Irene akasema, "Haya. Chidi, nenda kamwite."

Mwamuzi alikuwa mzee mwenye kofia pana. Akasikiliza, akauliza fimbo imebebwa na nani, nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akasema ndiyo, kosa la caddie ni la mchezaji. Mikwaju miwili kwenye shimo la kwanza, miwili la pili, jumla minne, na hapo ndipo inaishia. Akaandika, akatupa pole, akaondoka.

Chidi hakuweza kujizuia. "Padri, begi lako linaota fimbo? Mwagilia basi na langu."

Fausta akacheka. Nasema kweli, alicheka, kacheko kafupi kama kikohozi. Kisha akaniambia, "Futa huo mpira, unanidondoshea matope."

Kutoka nafasi ya pili akashuka mpaka ya sita.

Sasa wakuu, mimi si mtu wa kusifia ndugu. Ila alichokifanya kuanzia pale sijawahi kukiona, na nimekuwa uwanjani tangu nina miaka kumi na mbili.

Hakuharakisha. Mtu akishaadhibiwa huwa anataka kurudisha vyote kwa mpigo mmoja, anapiga kwa nguvu, mpira unakwenda mtoni. Fausta alipiga kana kwamba ana siku nzima. Alikuwa akiniuliza upepo kama kawaida, umbali kama kawaida. Hilo ndilo lililoniumiza. Ningependa anitukane.

Shimo la tisa mpira wake ulikaa nyuma ya mti, hakuna njia ya kupita juu. Akaupitisha chini ya matawi, ukaruka mara tatu ukasimama jirani na shimo. Mama Irene akasema peke yake, "Hapana jamani." Kuanzia hapo huyo mama alikuwa anacheza yake huku shingo iko kwetu.

Mvua ikanyesha kidogo, ikaacha. Watu wakaanza kutufuata. Wachuuzi wenzake watatu wa sokoni walikuwa wamekuja na mabeseni yao, hawajui gofu hata chembe, kila akipiga wanashangilia, hata pasipostahili. Mwamuzi aliwanyamazisha mara mbili. Mmoja akamwambia, "Baba, tumefunga meza zetu kuja hapa, tushangilie lini?"

Tulipomaliza shimo la kumi na saba, Chidi akaniletea habari kutoka kwa caddie wa kundi la mbele. Fausta alikuwa amepanda hadi ya nne. Msichana wa Arusha aliyekuwa wa tatu alikuwa ameshamaliza. Fausta akipata shimo la mwisho kwa mikwaju mitatu, wanalingana, wanarudiana. Akipata kwa minne, basi.

Mkwaju wa kwanza ukaenda katikati. Wa pili ukatua green, kama hatua tano kutoka shimoni.

Sasa umebaki mmoja wa kusukuma. Fausta akachuchumaa, akaangalia, akaniita.

"Kaka, njoo usome."

Nikamwambia, "Soma mwenyewe, mimi leo sina baraka."

"Sijakuuliza baraka. Nimekuuliza mpira unakwenda wapi."

Nikachuchumaa. Jicho likasema kushoto kidogo. Mlima ukasema kulia. Mvua ilikuwa imeloanisha majani, mpira ungekwenda taratibu zaidi, ukienda taratibu unapinda zaidi. Nikamwonyesha kwa kidole upana wa kiganja upande wa kushoto wa shimo.

Akapiga pale pale niliposema. Sentimita haikupungua.

Mpira ukaja, ukapinda, ukafika mdomoni mwa shimo, ukazunguka ukingo, ukatoka.

Wale wachuuzi wakashangilia, wakidhani umeingia.

Fausta akausogelea, akautumbukiza, akauokota. Akavua kofia, akampa mkono Mama Irene. Mama akamvuta akamkumbatia, na aliyekuwa analia ni mama, siyo Fausta. Akasema, "Binti, kadi yako nimeiandika mimi, nitaitunza nakala yake." Sijui kama inaruhusiwa.

Nafasi ya nne. Mkwaju mmoja. Toeni ile minne yangu mpige hesabu wenyewe. Watatu wameshaitwa timu ya taifa, jezi wamepewa, picha nimeziona. Wamestahili, sina neno nao.

Usiku ule nilitoka nje ya nyumba, ndipo nikamlilia mjomba. Nililia mpaka jirani akaja na tochi kuuliza kuna nini.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye grupu moja la WhatsApp la wachezaji kuna mtu ameandika kwamba yule muuza mboga wa Morogoro hajui hata sheria ya fimbo kumi na nne, ndiyo maana akakosa. Sheria anaijua. Aliijua peke yake, mahali ambapo mimi nilikuwa nimeisahau kwa makusudi. Anayetaka kusema, aniseme mimi.

Nilichojifunza ni kidogo. Marehemu ana mahali pake pa kukaa, na si kwenye begi la mtu mwingine anayefanya kazi yake. Na mtu mwaminifu ukikaa naye karibu unaweza kudhani na wewe ni mwaminifu, mpaka siku ya magugu.

Kesho yake nilikwenda sokoni kumwomba radhi. Alikuwa anapanga karoti. Nikasema yote niliyopanga kusema. Hakuinua kichwa. Akasema, "Bado nina hasira kaka. Kesho saa kumi na mbili njoo na begi."

Nimekwenda. Nakwenda kila siku. Anapiga, nafuta mipira, hajaligusia tena.

Aliyewahi kumharibia mtu wake kitu kikubwa namna hii, naomba aniambie hapa chini: nikaombe radhi mara ya pili, au "njoo na begi" ndilo lilikuwa jibu?