Mjusi wa Mwenye Bucha

Jirani yangu mwenye bucha hapa Busia ana mikono mizito ya kuvunja mifupa, na sauti inayovuka mpaka bila kibali. Tangu aletewe mjusi wa kufuga, wa madoadoa kama chui, sauti imepotea. Asubuhi anaweka chupa ya maji moto chini ya nyumba ya kioo ya mjusi, anainama, ananong'ona, "Kula, baba." Mjusi hali, na ule mkia mnene umeanza kunywea. Anamkatia maini laini kabisa, yale ambayo sisi wateja tunanyimwa. Nikamwambia, "Huyo anataka kitu kinachotembea." Akanibishia, na mimi sibishiwi. Jana mvua ilipokatika nikamletea kumbikumbi kwenye sufuria, wale niliotaka kukaanga mwenyewe. Akawanyonyoa mabawa mmoja mmoja, polepole, akamshikia mmoja mbele ya pua. Mjusi akatikisa mkia, akaruka, akameza, akajilamba macho. "Kukhu, nyanya yangu, amekula!" jirani akapiga kelele, hata mjusi akakimbilia chini ya kigae. Basi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na jioni nzima tukanunua nyama kwa kunong'ona. Yale maini aliyokatiwa mjusi nikapewa mimi.