Kompyuta ya Kukaa Nyumbani

Fundi makochi alikuwa na mikono inayojua kitu kwa kukigusa. Ukimpelekea kiti kilichobonyea, alipitisha kiganja juu ya kitambaa akakuambia springi ipi imekatika na sponji ipi imechoka. Lakini siku alipoingia duka la kompyuta na binti yake, mikono ile ilikosa pa kushika. Aliifunga nyuma ya mgongo kama mtu aliyeonywa asiguse kitu, akabaki kuzungusha macho.

Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani na mtaani walimwita Kitinda, alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Chuo kilitaka kila mwanafunzi aje na kompyuta yake.

“Mnataka laptopu au ya mezani?” aliuliza muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning’inia shingoni.

“Laptopu,” alisema Kitinda.

“Ya mezani,” alisema baba yake.

Waliyasema kwa pamoja. Muuzaji akavaa miwani, akawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akawaeleza bila kuvuta upande. Kwa kazi ya ramani, ya mezani ina nguvu zaidi kwa bei ileile. Skrini yake ni pana, haichemki ovyo, na kikiharibika kipande kimoja unabadilisha hicho tu. Laptopu unalipia kubebeka kwake, na ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haipotei.

“Inategemea atakuwa anafanyia kazi wapi,” alimalizia.

“Nyumbani,” fundi alijibu upesi.

Kitinda alitazama sakafu. “Chuoni kuna hosteli, baba. Tuliongea.”

“Tuliongea, hatukumaliza.”

Walitoka mikono mitupu.

Ambacho fundi hakukisema mbele ya muuzaji ni kwamba Kitinda alikuwa anaanguka. Kifafa kilimwanza akiwa shule ya msingi, siku moja akila chakula cha mchana, na tangu hapo baba yake hakuwahi tena kukaa akatulia mwili mzima. Daima sikio moja lilikuwa kwa mtoto. Aliitoa karakana yake sokoni akaihamishia mbele ya nyumba. Aling’oa komeo la bafuni. Kisha akaanza kuivisha nyumba sponji: pembe za meza, kingo za kitanda, ukuta wa chini karibu na mlango wa jikoni, vyote akavishonea ngozi nzuri kama anavyoshonea makochi ya wateja. Majirani walitania kuwa hiyo ndiyo nyumba pekee ambayo mtu akijikwaa anapitiwa na usingizi. Fundi alicheka nao, lakini hakubandua hata kipande.

Dawa zilikuwa zimesaidia sana. Miezi mingi ilipita bila Kitinda kuanguka. Fundi hakupenda hilo litajwe mbele yake, asije akaamsha kilicholala.

Jioni ile, mkewe, aliyekuwa dobi wa hospitali na mwenye mikono iliyonuka sabuni hata siku za mapumziko, alimsikiliza akieleza kwa nini ya mezani ndiyo inayofaa. Laptopu zinaporwa barabarani. Laptopu zikianguka zimekufa. Muuzaji mwenyewe amesema ya mezani ina nguvu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

“Baba Kitinda,” alisema mkewe alipokwisha, “mtoto unamnunulia kompyuta au unamnunulia kamba?”

“Wewe huogopi?”

“Naogopa. Ila mimi simfungi.”

Fundi alinyanyuka akaenda zake nje. Siku ya pili yake alirudi dukani peke yake, akanunua ya mezani, akaisukuma hadi nyumbani kwenye mkokoteni, imezungushiwa mablanketi kama mgonjwa. Alimtengenezea binti yake meza mpya, akazivisha pembe zake zote nne sponji. Kitinda aliporudi akaikuta imesimama karibu na dirisha, skrini inameta.

“Asante, baba,” alisema. “Nzuri sana.”

Aliyasema kwa adabu, kama mgeni aliyeandaliwa chakula asichokula. Fundi alitamani agombe. Ugomvi angeuweza.

Masomo yakaanza. Kitinda aliondoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Chuoni walichora kwa vikundi. Wenzake walikaa pamoja na laptopu zao, yeye akinakili kazi kwenye flashi aje aimalizie nyumbani. Umeme nao ulikuwa na matatizo yake. Ulikatika akiwa katikati ya mchoro, na mchoro ukaenda nao. Ukirudi wakati wenzake wamelala, yeye aliamka kuanza upya. Fundi akiwa kitandani alisikia vidole vikigonga kibodi chumba cha pili, na sauti ile ilimtuliza. Yupo, alijiambia. Anagonga, kwa hiyo yupo. Akalala vizuri kuliko alivyolala kwa miaka.

Mchana ndio ulimtesa. Alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, akapiga tena alasiri, hadi Kitinda akawa anapokea kwa kusema “niko salama, baba” kabla hajasalimiwa. Asipopokea, fundi aliweka nyundo chini, akaanza kuona mambo: ngazi za zege, barabara, mtoto chini na watu wamemzunguka wanaogopa kumgusa. Mteja mmoja alikuja kuchukua viti vyake akakuta kitambaa kimeshonwa upande wa nyuma mbele.

Simu aliyoiogopa iliingia siku ya jua kali, akiwa na misumari mdomoni. Namba ya Kitinda, sauti si yake.

“Shikamoo, baba. Mimi nasoma na Kitinda. Ameanguka kidogo, lakini imeshapita. Yuko sawa, amelala. Alisema ikitokea tukupigie, na tukuambie usikimbie.”

Fundi aliitema misumari mkononi akakimbia.

Hakukumbuka baadaye alifikaje. Alikumbuka tu mlinzi wa getini akimwelekeza, korido ndefu, halafu mlango wa chumba cha kompyuta. Binti mmoja alikuwa amesimama pale akiwarudisha watu kwa upole. Ndani, kati ya meza mbili, Kitinda alikuwa amelala kwa ubavu juu ya mkeka, sweta la mtu limekunjwa chini ya kichwa chake. Viti vyote vilikuwa vimesogezwa mbali. Kando yake alikaa mwenzake aliyesuka nywele fupi, simu mkononi.

“Mimi ni baba yake,” fundi alisema.

“Karibu, baba. Haikufika hata dakika mbili, nilikuwa naangalia saa. Alisema ikifika tano ndio tukimbilie hospitali. Hatukumshika kwa nguvu, na hatukumtia kitu mdomoni.”

“Nani kawafundisha?”

“Mwenyewe. Wiki ya kwanza alisimama mbele ya darasa akatuambia yote.”

Fundi alipiga magoti. Alitafuta cha kufanya, na hakukuwa na kitu. Kila kitu kilikuwa kimeshafanywa.

“Ni uchovu, baba,” yule wa nywele fupi aliongeza, bila kujua anamchoma. “Jana hakulala. Anasema umeme kwenu ulirudi usiku, akakesha anachora. Karibu kila siku anakuja hivyo. Sisi wa hosteli tunamaliza mapema tunalala.”

Daktari alikuwa amewaambia tangu zamani: dawa kwa wakati, na usingizi wa kutosha. Dawa fundi alizisimamia kama askari. Usingizi wa binti ndio alioupoteza mwenyewe, tena akiusikiliza ukipotea huku yeye anakoroma. Alikaa pale sakafuni akimtazama binti yake anavyopumua.

Kitinda alipofumbua macho, alichukua muda kumtambua.

“Umekimbia,” alisema.

“Kidogo.”

“Nani yuko karakana?”

“Nimeiacha wazi.”

“Na makochi ya watu, baba?”

“Nani ataliiba kochi bovu? Tulia.” Akamfuta kidevu kwa leso. Kisha akauliza, “Darasa zima uliliambia?”

“Sasa ningeliambia nusu?”

“Hukuogopa?”

“Niliogopa. Nilishika meza mpaka nikamaliza.” Akafumba macho tena. “Lakini niliogopa zaidi kuanguka mahali ambapo hakuna anayejua.”

Fundi alimngoja apate nguvu, wakarudi nyumbani polepole, na usiku ule hakuna aliyewasha kompyuta.

Kuirudisha dukani hakukuwa rahisi. Muuzaji alisema kitu kilichotumika si kipya tena, na kubadilishana alikokubali kulikuwa kwa laptopu ya mkono wa pili: nzito, skrini ndogo, na yenye kuchemka mapajani kama pasi. Kitinda aliijaribu dukani. Mchoro mmoja ulichukua muda kufunguka hadi muuzaji akaona haya.

“Ile ilikuwa bora, mama,” fundi alimwambia binti yake, na alisema kweli. “Utaiweza hii?”

“Nitaiweza.”

Muhula uliofuata alihamia hosteli. Mama yake alimfungia shuka zilizonyooshwa vizuri kuliko za hospitali. Fundi alibeba begi hadi chumbani, akapima kwa macho umbali kati ya kitanda na ukuta, akafungua mdomo, akaona mkewe anamtazama, akaufunga. Yule binti wa nywele fupi ndiye aliyekuwa wa kitanda cha jirani. Fundi alimpa mkono akaushikilia kwa muda mrefu kupita desturi.

Hofu haikumtoka. Nyumbani sasa palikuwa kimya, akawa anaamka kusikiliza kitu ambacho hakikuwepo. Mkewe alimshauri apige simu mara moja tu kwa siku, jioni. Akajaribu, siku nyingine alishinda, nyingine alishindwa saa tatu asubuhi.

Na Kitinda alianguka tena, mara moja, kabla ya mitihani. Safari hii hawakumpigia; alipiga mwenyewe kesho yake akamweleza. Fundi alifoka. Alisema maneno mengi, mengine ya kumlaumu yeye, mengine ya kumlaumu mama yake aliyekuwa jikoni hana habari. Kitinda alimwacha mpaka pumzi ikamwisha.

“Umemaliza, baba?”

“Bado.” Kisha, “Ulijiumiza?”

“Kiwiko tu. Nimekula, nimelala, nimekunywa dawa. Baba, nina swali la kazi. Nachora sebule, na mwalimu amesema vipimo vyangu vya samani ni vya kubuni. Kochi la watu watatu upana wake ni ngapi?”

“Inategemea. La mikono minene au myembamba?”

“Sijui. La kawaida.”

“Hakuna la kawaida. Na nyuma ya kochi uache nafasi gani, mwalimu amesema?”

“Hajasema.”

“Ngoja.” Fundi aliibana simu kwa bega, akapapasa mfukoni kutafuta futi yake, akatoka kuelekea kochi la mteja lililokuwa uani. “Usikate. Nakwenda kupima.”