Sufuria Iliyooshwa Mara Saba

Mimi mbwa siwapendi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani bibi huyu anawatetea kwa kuwa aliwazoea. Nimezaliwa Mikindani, katika nyumba ambayo mbwa akikatiza barazani tu, mama anatoka na ufagio. Akikugusa na ute wake, nguo unavua hapo hapo. Hadi leo nikimsikia mbwa anahema nyuma yangu, mwili unanisisimka. Lakini kuna ripoti moja niliyoipiga chapa kwa vidole vyangu hivi, inasema shangazi yangu aliwaua mbwa kwa sumu, na kila nikiikumbuka natamani kumtukana mtu.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, watu wa mashambani walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vipya. Nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini, siitaji hata ukinibembeleza. Nimepanga chumba Rahaleo, nina taipureta yangu mezani na funguo za kabati la mafaili, basi najiona nimefika. Kila barua iliyotoka katika ofisi ile ilipita mikononi mwangu, na kopi yake ya kaboni niliiweka faili mwenyewe.

Wakulima wa upande wa Nanyamba walikuwa na mbwa. Ni Waislamu kama sisi, ila nguruwe wa porini hamuulizi mtu dini yake. Anaingia shamba la mihogo, asubuhi unakuta mashimo matupu. Kwa hiyo mbwa alikaa nje, alipewa ugali wake, alifanya kazi yake, na hakuna aliyeona ajabu. Siku ya kuhama lori lilipakia vinu, mikeka, milango, mbuzi, hata kuku waliofungwa miguu. Mbwa hawakupandishwa. Nasikia walilikimbilia lori mpaka wakachoka, wakarudi kwenye nyumba zilizobomolewa, wakakaa. Njaa ilipowazidi wakafuata barabara kuja mjini. Sasa niambie, mbwa mzururaji ni nani? Si yule aliyekuwa na kwao mwezi uliopita? Nani alimfanya mzururaji? Hilo swali halikuulizwa na mtu, na mimi nilikuwepo, ningelipiga chapa.

Walifika kwanza Mtawanya, ukingoni mwa mji, na huko ndiko alikokuwa shangazi yangu. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, anawapikia watoto uji wa bulga, ile ngano ya msaada, katika sufuria moja kubwa, nyeusi nje, ndani inang'aa. Lakini jina lake halikutokana na shule. Shangazi ndiye aliyeitwa kwenye harusi na hitima za mtaa mzima. Mtu akifiwa, kabla hajatuma habari kwa ndugu wa mbali, anatuma mtoto kumwita yeye. Watu walikula mkononi mwake kwa miaka, na huo ndio uliokuwa utajiri wake wote, maana mume hakuwa naye tena na mtoto hakujaliwa.

Watu wa Mtawanya hawakuwapenda wale mbwa. Sitawapaka mafuta. Watoto waliwarushia mawe, na mama mmoja aliwamwagia maji ya moto nikiona kwa macho yangu. Shangazi naye alikuwa anawafukuza mchana kweupe, "Tokaa! Mwana haramu we!", majirani wasikie. Kisha watoto wakishaingia darasani, analoweka ukoko wa uji, anaumwaga nyuma ya jiko. Nilimfuma siku moja nilipokwenda kumsalimia. Mbwa mmoja, mbavu zote nje, alikuwa ameshaingiza kichwa kizima ndani ya sufuria.

"Shangazi! Sufuria ya watoto!"

"Punguza sauti, we mtoto," akaniambia. "Ukoko nimemmwagia chini, yeye ameona haumtoshi. Nimpige? Ananyonyesha huyo."

Mbwa alipoondoka akachota udongo safi, akasugua ndani yote, akasuuza. Kisha maji, tena maji, tena maji, anahesabu kwa sauti ya chini mpaka akafika saba. Ndivyo tulivyofundishwa sote chuoni, tukisoma Kurani, chombo akikiramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hakuruka hata moja. Akaiinamisha juani, akaniambia nisimwambie mtu, maana wazazi wakijua hawatakubali watoto wao wale, hata aoshe mara sabini.

Nikanyamaza. Mbona kunyamaza nilikuwa fundi.

Wiki chache baadaye mkubwa wangu wa kazi aliniita nimpigie barua. Ilikuwa ya kuagiza sumu ya kuangamiza mbwa wazururaji. Nikapiga, akatia saini, kopi nikaweka faili. Sumu ikaja, ikapakwa kwenye vipande vya nyama, alfajiri moja mgambo wakazungusha nyama hizo nyuma ya soko na kando ya barabara. Hakuna siri hapo, waliozungusha walikuja ofisini kunawa mikono!

Mbwa aliyekula sumu hafi pale pale. Anatafuta maji. Wengine walielekea Shangani, kwenye nyumba za wageni, wakafa wanajinyonganyonga mbele ya mke wa mtaalamu mmoja wa kizungu. Mama yule akaandika barua kali kwa wakubwa, kwamba kuna watu wanawatesa wanyama, wakamatwe. Wengine walirudi pale walipozoea kupata chakula. Asubuhi mwalimu mkuu alikuta mizoga mitatu nyuma ya jiko la shangazi.

Basi, ikaundwa tume. Mwenyekiti wa tume ni nani? Mkubwa wangu yule yule! Aliyetia saini barua ya sumu ndiye aliyeteuliwa kumtafuta aliyeua mbwa. Mjumbe wake alikuwa bwana mifugo kijana aliyekuja kutoka bara, hana hata miezi miwili mjini. Katibu, mimi.

Nilimfuata mwenyekiti mezani kwake na kopi ya kaboni mkononi. Nikamwambia, "Mzee, hii barua ya ile sumu. Niiweke kwenye faili la tume?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinifungulia karatasi ya hadidu za rejea, akaweka kidole, nisome. Tume itachunguza vitendo vya ukatili vilivyofanywa na wananchi. "Ofisi ni mwananchi?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Basi rudisha kabatini, mwanangu."

Nikarudisha. Na nikamshukuru, Mungu anisamehe, nikasema "Ahsante, mzee."

Siku ya kwenda Mtawanya tulifika shule wakati watoto wamekwisha kula. Mbwa walikuwa wamebaki wachache, na mmoja wao alitoka nyuma ya jiko anajilamba, akatokomea vichakani. Shangazi alikuwa amechuchumaa na sufuria yake, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Tukasimama pale na mwalimu mkuu, na mjumbe wa nyumba kumi, na wazazi kama kumi na watano waliotufuata kuona kuna nini.

Bwana mifugo akauliza, "Mama, unachanganya nini humo?"

"Naosha, mwanangu."

"Kwa udongo? Chombo cha chakula?"

"Ndiyo."

"Kwa nini udongo? Maji huna?"

Maji yalikuwepo, ndoo mbili zimejaa. Shangazi akamwangalia yule kijana, akawaangalia wazazi, akaniangalia mimi. Hebu jiweke mahali pake. Aseme sababu, wazazi wale wote watajua kwamba sufuria wanayopikiwa watoto wao imerambwa na mbwa, na kesho hakuna atakayekula mkononi mwake tena. Anyamaze, basi ni mtu anayekoroga kitu asichoweza kukieleza, hatua kumi kutoka mahali walipolala mbwa waliokufa. Alinyamaza. Aliinama, akaendelea kusugua.

Yule kijana simlaumu sana. Kwao hawaoshi hivyo, aliona alichokiona. Lakini mwenyekiti! Mtu wa pwani, kofia yake ya kiua kila Ijumaa, msahafu kahitimu akiwa mtoto. Alijua kama nilivyojua mimi. Neno moja tu angemsogezea mwenzake sikioni, yakaisha. Alitazama saa yake, akasema, "Andika, katibu. Ameulizwa, hakueleza."

Nikaandika.

Sufuria ikachukuliwa kuwa kielelezo. Ikafungwa kamba na lakiri, ikawekwa stoo ya ofisi. Hakuna aliyeipeleka kupimwa, na mizoga haikupimwa. Hawakuuliza nani ana sumu katika mji huu, wala inanunuliwaje, maana jibu lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti cha mwenyekiti. Ripoti nilipiga chapa nakala nne. Bado naijua kwa moyo ile sehemu: mpishi alionekana akichanganya udongo katika chombo cha chakula karibu na eneo la mizoga, na alipoulizwa sababu hakukana wala kueleza, tume imeridhika kwamba alihusika. Imeridhika! Mke wa mtaalamu akapelekewa barua ya kushukuru kwa taarifa yake. Shangazi akasomewa ile sehemu mbele ya walimu, akaambiwa asirudi.

Wewe unaweza kusema, si kazi ya uji tu, kuna kazi nyingine. Sikiliza. Mwezi ule ule jirani yake wa ukuta kwa ukuta alifiwa na mama. Shangazi alijifunga kanga kiunoni, akakaa barazani, akangoja kuitwa. Sauti za masufuria zikaanza ua wa pili. Hakuitwa. Alikwenda kuzika, akalia na wenzake, na chakula kilipoiva akaletewa sahani kama mgeni. Mwanamke aliyepikia mtaa mzima, ati analetewa sahani. Alifungua biashara ya vitumbua, akafunga siku ya nne, kwa sababu hakuna mzazi aliyemruhusu mtoto kununua. Wale waliokuwa wakimwita dada wakaanza kumwita "yule mama wa sumu." Na mbwa, kama laana, wakawa ndio pekee wanaokwenda kwake kila siku.

Miezi ikapita. Mkubwa wangu akapata cheo, akahamishwa, tukamfanyia karamu ya kumuaga palepale kwenye uwanja wa ofisi. Pilau, mbuzi wawili. Nilipofika jikoni kusaidia kupakua nikaiona sufuria. Nyeusi nje, na mkono mmoja una msumari wa kuungia niliouona mara nyingi kwa shangazi. Kamba imekatwa. Imejaa pilau mpaka juu.

Aliyesema kwanza ni tarishi wetu. "Jamani, si ndiyo kielelezo hii? Si ndiyo yenye sumu?"

Watu wakashusha sahani. Mkubwa wangu, sahani imeshajaa mkononi, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Sumu gani?" akasema. "Yule mama aliiosha mara saba, na moja kwa udongo, tulimkuta anasugua. Ni safi kuliko hizo sahani zenu. Kuleni!"

Wakacheka, wakala. Alitia tonge la kwanza yeye.

Niliweka upawa chini, nikatoka na nguo zangu za sherehe, nikatembea hadi Mtawanya juani. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Nilimkuta shangazi anachambua mchele wa kumtosha mtu mmoja katika ungo. Nikamsimulia yote bila kuvuta pumzi, nikimlaani yule bwana, cheo chake, kofia yake, pilau yake. Nilidhani naye atamlaani, tulaani pamoja, nifarijike.

Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Alisema mara saba?"

"Mara saba, shangazi. Mbele ya watu wote!"

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua tangu siku ile! Alijua, akanyamaza, mshenzi mkubwa!"

Akaacha kuchambua. Akanitazama vile vile alivyonitazama siku ile, mikono yake ikiwa na udongo na mimi nikiwa na kalamu.

"Na wewe, mwanangu," akasema. "Ulipokuwa unaipiga chapa ile karatasi. Ulijua?"

Alikuwa ananiuliza kwa upole, nadhani alitaka nimwambie kwamba nilisahau. Nilimwambia nilijua. Akaurudia mchele wake, nami nikakaa pale kwenye mkeka mpaka alipomaliza, akaona hautatutosha, akasonga ugali wa watu wawili, akaniwekea, na mimi nikawa mtu wa kwanza kula mkononi mwake tangu mwezi ule wa ripoti.