Pilau ya Mama Yangu Kwenye Video Yake

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo. Admin, naomba unifichie jina na shule, maana hata baba anaufuata ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne hapa Dodoma. Siyo muongeaji. Nikiwa na kitabu na muziki wangu, siku inaisha bila kugombana na mtu.

Kuna msanii mmoja wa huku huku kwetu, simtaji. Nimempenda tangu nipo darasa la saba. Madaftari yangu yote nilikuwa nimeyajalidi kwa picha zake. Anaimba sana kuhusu mama, na nyimbo hizo zilikuwa zinaniliza hata nikiosha vyombo.

Likizo iliyopita tulihama. Sisi ni watu wa Kondoa, baba ni mfanyabiashara, na alikuwa anajenga Nzuguni, pembeni mwa mji, kidogo kidogo. Tukahamia nyumba haina dari, vumbi mpaka kwenye mashuka. Nililia kuacha mtaa wetu wa zamani, mpaka niliposikia kwamba kwenye nyumba ya jirani, yenye geti jeusi, anaishi mama mzazi wa yule msanii, na kwamba mwenyewe huja kumsalimia. Siku hiyo sikuweza kula kwa furaha.

Kwetu mkihamia mahali, mnapika na kuwapelekea majirani, na sahani hairudishwi tupu. Jumapili mama akapika pilau, akapakua kwenye sahani yake nyeupe yenye maua ya kijani, ile iliyomeguka ukingoni, akaifunika na kunituma kwa bibi wa geti jeusi.

Nilikuta geti wazi. Uani kulikuwa na vijana wawili na kamera, na yeye mwenyewe! Mama yake, bibi mwembamba, alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, amevalishwa kitenge kipya ambacho karatasi ya dukani bado inaning'inia. Nikasema shikamoo. Msanii hakuitikia. Alichukua sahani mikononi mwangu, akafunua, akanusa.

"Oya, msosi umejileta wenyewe! Washeni kamera."

Akapiga magoti mbele ya mama yake, akaanza kumlisha. "Cheka kidogo, mama." Kijiko cha pili: "Usitafune hivyo, unaonekana una njaa." Kijiko cha tatu akamfuta mdomo kwa kiganja, akambusu kwenye paji la uso. Mwenye kamera akasema imetoka poa. Hapo hapo msanii wangu akageuka, akatema mate, akaufuta ule mkono kwenye suruali mara mbili tatu kama aliyeshika kitu kilichooza.

"Maza bwana, unanuka moshi!"

Wenzake wakacheka. Wakachukua pilau, wakaimaliza wote watatu, mafuta yakiwashuka mpaka kwenye viwiko, mifupa wanaitupa karibu na miguu ya bibi. Kisha akamwambia, "Vua hicho kitenge, si chako, kinarudi dukani." Bibi akakivua mbele yetu. Chini alikuwa na kanga iliyochanika.

Nilisikia kinyaa ambacho siwezi kukieleza. Nilikuwa naiangalia ile midomo, midomo niliyoijalidi kwenye daftari la Hisabati, inang'aa mafuta ya pilau ya mama yangu. Nikageuka niondoke bila sahani.

"Mjukuu wangu, ngoja," bibi akaniita. Akaiosha ile sahani mwenyewe, akaingia kwenye jiko lake la mabati, akatoka na fungu la mlenda mkavu juu yake. "Umetoka kwetu Mlali huu. Mwambie mama nimeshukuru, pilau ni tamu sana." Alikuwa amekula vijiko vitatu!

Jioni video ikatoka. "Leo nimeingia jikoni mwenyewe kumpikia malkia wangu." Sahani yetu inaonekana wazi, na kile kipande kilichomeguka. Mama akaitazama, akasema, "Haa, kumbe mpishi wa staa ndiyo mimi." Akacheka, halafu akaniuliza bibi alikula kiasi gani, nikamwambia vijiko vitatu. Tangu siku hiyo akipakua anatenga na cha bibi, mimi ndiye ninayempelekea.

Tamasha lake nilienda, kwa kuwa kaka alikuwa ameshaninunulia tiketi. Alipofika kwenye wimbo wa mama, wakaonyesha ile video kwenye skrini kubwa. Watu wakawasha tochi za simu. Rafiki yangu akanilalia begani analia, "Mungu anipe mume mwenye roho hii." Mimi nilikuwa namwona anatema mate. Nilitoka, nikatapika nyuma ya banda la chipsi. Kesho yake nikabandua majalada yote.

Sasa shule imemwalika awe mgeni wetu kwenye mahafali, na Madam amenichagua mimi kumkaribisha jukwaani. "Wewe unaandika vizuri, na wote tunajua unavyompenda." Nilitaka kumweleza, nikashindwa. Baba ameniambia nisiingilie ya majirani, ndiyo kwanza tumehamia.

Jana nilipompelekea bibi ugali, nikakuta ameshasikia habari za mahafali. Akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, mkaribishe mwanangu vizuri. Sema anampenda mama yake."

Nikamuuliza, "Bibi, niseme hivyo kweli?"

"Sema. Akisikia mbele ya watu wote, labda ataona aibu, aanze."

Mahafali ni Jumamosi hii. Hotuba nimeshaiandika yote, imebaki sentensi hiyo moja tu. Kila nikitaka kuiandika, kile kinyaa cha uani kinarudi. Nisipoisema, nitamwangaliaje bibi nikimpelekea chakula? Nikiisema, nami nitakuwa nimeshika kamera.

Dada zangu, kaka zangu, mlionitangulia kuona mambo, niambieni. Niisome, niiruke, au nimrudishie Madam kazi yake?