Kaka Karudi kutoka Japani na Viatu Vyake

Jamani, leo nyumbani kwetu Rahaleo tumefundishwa ustaarabu, na mwalimu kasimama juu ya mkeka na viatu!

Mwalimu mwenyewe ni kaka yangu Sefu. Karudi juzi kutoka Japani, alikwenda kozi ya mambo ya bandari. Zawadi hakuleta. Kaleta picha.

Mimi na mama tumekaa chini tunakula korosho zetu. Yeye huyo, moja kwa moja hadi katikati, simu juu. Hekalu la Kibuddha, liko mlimani huko, la mbao, la tangu enzi na enzi.

"Oneni wenzetu! Ukifika unanawa kwanza. Viatu unaacha nje, uwe waziri uwe nani. Sisi huku heshima hatuna kabisa."

(Hapo anakanyaga mkeka ambao mama anasalia. Na yale mabuti!)

Mama akatazama picha. Akatazama chini. Akatazama picha tena.

"Na wewe baba, ulivua?"

"Nilivua, mama! Tena mapema, hata sijaambiwa."

"Alaa. Kumbe kujua unajua."

Hata korosho mdomoni niliogopa kuitafuna.

Kaka akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akavua. Mama akaukunja mkeka taratibu, akamkabidhi.

"Au na mimi nihamie mlimani, mwanangu, ndo utanivulia?"

Nyie wenye kaka waliotoka nje, wa kwenu wamerudije? Nijibuni haraka. Mimi nimejifungia chumbani nacheka, na wa kwetu yuko uani anaosha mkeka.