Maji Ambayo Punda Angebeba

Ilianza Jumapili, saa nane kasoro dakika kumi mchana, tukiwa tumetoka kanisani na mjomba amekuja kula kwetu. Mimi nilikuwa nanawisha watu mikono, kwa hivyo sikuwa na mahali pa kujificha.

Baba huuza ndengu sokoni hapa Kyuso, kazi ya kukaa kwenye stuli kutwa. Aliposhikwa na presha daktari alimwambia atembee kila asubuhi, na mama akasema wataenda pamoja. Siku ya kwanza mama alimwacha mbali, akawa anasimama kumngoja kama mtu anayengoja mbuzi mgonjwa. Baba alifika kichuguu cha kwanza tu, akarudi nyumbani.

Kesho yake mama alibeba mgongoni mtungi wa lita ishirini uliojaa, kamba kwenye paji la uso. Eti anapelekea miche ya miembe maji kule shambani. Sasa baba akawa anatembea mbele. Waliendelea hivyo, hata mashati ya baba yakaanza kulegea tumboni.

Punda wetu alikuwa amefungwa tu nyuma ya jikoni, hana kazi. Nilielewa, nikanyamaza. Kunyamaza ndicho kitu ninachojua.

Jumapili hiyo baba alikuwa na furaha. "Shemeji," alimwambia mjomba, "dada yako amezeeka. Kila asubuhi namwacha nyuma akihema!"

Mjomba akacheka. "Dada, nikununulie bakora?"

"Ninunulie tu," mama akasema, naye akicheka, huku akimwongezea baba muthokoi wa mahindi na maharagwe.

Sijui nini kilinishika. Mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali naangalia dawati, nilifungua mdomo. "Baba, kwani punda amevunjika mguu? Mama hubeba hayo maji ndio asikuache."

Hakuna aliyecheka tena. Baba aliangalia paji la uso la mama, pale kamba imeacha mstari, akasukuma sahani.

Sikuwa nimesema uongo, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. Nilitaka mama asichekwe, nikamwaibisha baba mbele ya shemeji yake. Mama hakunigombeza. Jioni tukiosha vyombo aliuliza tu, "Sasa nitamtembeza na nini?"

Jumatatu asubuhi mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ameshavaa raba. Baba alikuwa bado kitandani. Sijawahi kubisha mlango wao. Nikabisha.

"Baba, leo maji nabeba mimi. Nisindikize."

"Punda yuko," akajibu huko ndani.

"Najua."

Nilijaza mtungi, mama akanisaidia kuuinua mgongoni, halafu akatangulia kwa mwendo wake wa kweli, bila kugeuka. Mimi niliyumba kama mlevi. Sikuwa nimefika kwenye kichuguu niliposikia malapa yanaburuzika nyuma yangu.

"Mwaga nusu," baba akasema. "Utavunjika shingo."

"Pole, Baba. Ya jana."

Sikumwaga. Baba aliweka mkono chini ya mtungi, kamba ikalegea kidogo kwenye paji langu, tukaenda hivyo hivyo, pole pole. Mama alikuwa ameshakuwa mdogo huko mbele, anapanda kilima kama ni mteremko.

Baba alisimama kupumua, akamtazama. "Kumbe huyu hutembea hivyo," akasema.

Nilimngoja hadi pumzi ikamrudia, tukaendelea.