Kuku Wasio na Sauti

Tulipohamia Arua kutoka Koboko, Windows ilikuwa imeilemea kompyuta yetu kuukuu, nikaifuta na kuweka Linux, mfumo mwepesi zaidi. Binti yangu, ambaye bado hakuwa ameanza shule, akautafuta mchezo wake wa kufuga kuku asiuone.

"Baba, kuku yangu iko wapi?"

Nikamweleza kwamba mchezo ule ulitengenezewa Windows. Hakulia. Alikaa kando yangu akingoja, nami Jumamosi nzima nikahangaika na Wine, programu inayowezesha Linux kuendesha michezo ya Windows. Jioni kuku wakatokea wakidonoa mtama, lakini kimya kabisa.

"Nitaendelea kutafuta sauti," nikamwambia.

"Wacha tu, Baba. Mimi najua sauti yao."

Akaanza kuwika kama jogoo, kisha akalia kama vifaranga, mpaka mama yake akatoka jikoni kuangalia ni kuku gani walioingia ndani.

Baadaye niliipata sauti ya mchezo. Aliisikiliza kidogo, akaizima, akaendelea na yake.

Siku hizi anasoma bweni Koboko, na nyumba yetu hapa Oli, mtaa wa Arua, ina utulivu ambao bado sijauzoea.